Mahali pa Bi Mwanahawa Botini

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuchora matumboni mwa mama zetu kama alivyotaka Yeye, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mwembamba, huyu mpana, wala hakuomba ushauri kwa mwenye duka wala kwa mwenye chombo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaufuata mstari wa msahafu, na kwa kifua ambacho bado kinaweza kuwaka moto. Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi, maana wapo wanaodhani mtu akishakuwa na ndevu nyeupe na tasbihi mkononi, hasira imemtoka kama jino bovu.

Mwezi uliopita tumemzika Bi Mwanahawa. Niliporudi Kibiti mke wangu aliniwekea chai ya tangawizi na vitumbua, nikaviacha vikapoa vyote. Akaniuliza, "Mume wangu, msiba umekulemea?" Nikamwambia la, msiba haujanilemea, yule mama ameondoka na umri wake, na kalima mdomoni, na hicho ndicho tunachokiomba wote. Kilichonilemea ni hasira. Akacheka kwa mshangao, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Weye? Weye unayetwambia kila Ijumaa tusubiri na tusamehe?" Ndiyo, mimi. Nimefundisha subira maisha yangu yote na sijaikana. Lakini sheikh wangu alinifundisha pia kwamba subira ni juu ya yale Mungu anayotuletea, maradhi na mauti na ukame. Yale tunayofanyiana wenyewe kwa wenyewe yanataka kusemwa. Nimekaa na jambo hili tangu ujana. Sasa nalisema.

Nilitokea Dimani, na ya nyumbani kwetu nayaacha. Nilikuwa kijana niliyehitimu chuo cha sheikh wangu hapa Kibiti, na yeye akanituma Maparoni nikasomeshe watoto wa huko Kurani kwa muda wa mwaka mmoja. Niliposhuka ufukweni sikuwa na mtu ninayemjua. Wazee wa msikiti walinipeleka kwa mjane mmoja, Bi Mwanahawa, aliyekuwa na chumba cha uani kisichotumika. Chumba kilikuwa cha udongo na boriti za mikoko, na kitanda cha kamba kilicholegea katikati kiasi kwamba niliamka kila alfajiri nimekunjika kama ndizi. Dirisha lilitazama jiko lake. Kwa hiyo kabla sijaijua Maparoni niliijua harufu ya jiko lile: mchele mpya wa bondeni unaochemka na tui, kaa wa matopeni waliopasuliwa makoleo, matembele, kambamiti waliokaushwa juani. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, ingawa ningeweza kuwa mwanawe, na kila nilipoacha ukoko kwenye sahani alisimama mlangoni akaniuliza kama kwetu Dimani watu hula kwa kunusa.

Alikuwa mnene. Nasema neno hilo kama yeye mwenyewe alivyolisema, bila kuzunguka. Alikuwa mnene kama mama yake na kama bibi yake, mpana mabegani, mikono ya kupura mpunga, na alipokuwa akitembea uani sakafu ya udongo ilinipa habari zake kabla sijamwona. Alilima, alivua kaa, alitwanga, alifunga swaumu za sunna, na wanawake wa kijiji walipofiwa yeye ndiye aliyeitwa kuosha maiti. Nimemsikia mara nyingi akitoka alfajiri na ndoo na karafuu maiti yake, bila kunung'unika. Simsifu kwa sababu amekufa. Nataka ijulikane ni mtu wa namna gani aliyetendewa yale yaliyotendwa.

Maparoni hufiki wala hutoki bila maji. Wakati huo chombo cha abiria kilikuwa boti ya mbao ya Nahodha Pazi, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa, na abiria hakuwa na haki ya kuchagua pa kukaa. Nahodha alisimama kwenye matope, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua matikiti, akatupanga kwa uzito. Ni desturi ya huko, na ina sababu, kwa kuwa mikono ya mto ina mikondo inayogongana na boti iliyolala upande mmoja haifiki. Wazito katikati, wa wastani kandokando wakitazamana uzito kwa uzito, wepesi mbele. Hakuna aliyeona haya. "Bi Mwanahawa, njoo kati, weye ndiye moyo wa boti," angesema, naye angepanda akijibu, "Moyo gani unaokaa kwenye maji ya ndoo? Kumba kwanza hayo maji." Mwenye duka mmoja, tajiri kuliko wote, alipangwa vilevile na akavuta kanzu yake kimya. Na mimi, "Mwalimu, kaa mbele huko, ila ushike ubao, upepo usije ukakuchukua nikadaiwa na sheikh wako." Watu walicheka, nikacheka. Nauli ilikuwa moja kwa wote. Nayaeleza haya kwa sababu baadaye watu waliniambia kwamba chombo hakina budi kuangalia uzito wa mtu, kana kwamba sijui. Najua. Nimepangwa kwa uzito na mtu aliyejua kazi yake, na sikutoka pale nikiwa nimepungukiwa na kitu.

Bi Mwanahawa alikuwa na dada mmoja tu, Bi Zuhura, aliyeolewa Kibiti. Huyo alikuwa mwembamba kama upondo wa kusukumia boti, mgonjwa wa kifua, na kila mavuno alikuja kukaa kwa dada yake mpaka mpunga uanikwe. Walilala chumba kilichopakana na changu, na kiambaza kile hakikuzuia kitu. Nimejifunza mengi kwa kusikiliza wanawake wawili wasioweza kulala. Usiku mmoja niliwasikia wakizungumza habari ya josho la maiti.

"Nikitangulia mimi," alisema Bi Zuhura, "sitaki yule mke wa mwenyekiti aniguse. Mikono yake ya baridi. Unioshe weye."

"Nitakuosha."

"Niahidi."

"Nimeshasema, Zuhura. Wasia ni wasia. Na mimi je, nikitangulia?"

"Weye? Weye nitaita kijiji kizima kije kunisaidia kukugeuza."

"Utanigeuza mwenyewe, kwa hivyo vijiti vyako."

"Basi utakaa hivyo hivyo upande mmoja mpaka Kiyama!"

Walicheka mpaka Bi Zuhura akashikwa na kikohozi, na nikamsikia dada yake akimpiga mgongo taratibu na kumwambia, kwa sauti nyingine kabisa, "Nitakuosha mimi, dada. Hakuna mwingine." Kwa wasiojua, Mwislamu anaweza kuusia nani amwoshe, na anayeusiwa akikubali amebeba amana. Si maneno ya kupitisha wakati.

Katikati ya mwaka ule ikaja boti ya Haji Sefu. Jina hilo nimempa mimi, maana ana watoto na wajukuu na sitaki kuwaaibisha. Alikuwa mfanyabiashara wa kambamiti, mtu wa safu ya kwanza msikitini, aliyetuletea mikeka mipya na taa ya karabai. Boti yake ilikuwa ya faiba, nyeupe, ina injini kubwa na viti vya kuelekea mbele, kila kimoja na vyuma viwili vya kuwekea mikono. Nyuma kulikuwa na nafasi ya makasha ya barafu. Maparoni yote ilishuka kuitazama. Nahodha Pazi alizunguka akaipapasa ubavu, akasema, "Nzuri. Lakini hawa wote wanakaa mahali walipolipia. Boti itajuaje nani mzito?" Hakuna aliyemjali. Mkatisha tiketi alikuwa kijana wa kutoka Dar, Dulla, mwenye miwani ya jua na maneno mengi, na kabla ya miezi michache kupita Pazi alikuwa ameng'oa mashine yake na kurudi kuvua, kwa sababu abiria wote walimwacha.

Safari ya kwanza ya Bi Mwanahawa kwenye boti ile nilikuwa pamoja naye. Dulla alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akapiga mluzi. "Mama bonge, kiti hiki hakikuhusu. Nauli mbili, na ukae nyuma kule na makasha." Naye, Mungu amrehemu, akaona anapangwa. Maisha yake yote mtu aliyesimama kwenye matope na kumwonyesha pa kukaa alikuwa anaokoa roho za watu. Akatoa nauli bila kuuliza, akapanda, akaketi juu ya kasha la barafu linalovuja, akalitikisa kidogo kupima lilivyokaa, kisha akamwambia kwa upole, "Ahsante mwanangu. Ila uzito huu ungekuwa kati, si nyuma. Nyuma hapa utainywesha mashine maji. Lakini weye ndiye mwenye chombo." Vijana waliokuwa vitini wakaangua kicheko. Dulla akapiga kofi paja lake. "Anadhani anasaidia bajeti ya mafuta!" Bi Mwanahawa alitabasamu, akangoja aelezwe mzaha uko wapi, kama tulivyokuwa tukielezana kwa Pazi. Hakuna aliyemweleza. Nikaona uso wake ukitafuta, ukizunguka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kisha nikaona ulipofika. Akashusha baibui yake, akaziba miguu iliyolowa. Nimeona maiti nyingi na vilio vingi, lakini nikiulizwa jambo baya kuliko yote niliyowahi kulitazama kwa macho, nitataja tabasamu lile lilipokuwa likiondoka.

Nilikwenda kwa Haji Sefu. Nilikuwa kijana na nilikwenda kwa adabu, nikavua viatu, nikapewa kahawa na kashata. Nikamweleza. Alinisikiliza akizungusha kikombe. "Mwalimu," alisema, "gunia likizidi uzito si hulipiwa zaidi?" Nikasema ndiyo. "Basi. Biashara haina chuki. Kiti kimoja ni cha mtu mmoja. Akichukua viwili, alipe viwili. Weye unayesoma vitabu niambie, dhuluma iko wapi hapo?" Nikamwambia gunia haliamkii watu, wala haliswali. Akacheka, akaniambia nina ulimi mzuri, niuhifadhi kwa ajili ya hotuba. Nilirudi nyumbani nikiwa sina jibu, na jibu nililipata baadaye sana nikiwa mtu mzima. Nililiandika pembeni ya akili yangu na sijaliondoa. Jibu ni hili: viti vile havikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa akapima kiti kwa kiuno cha kijana wa Dar, akaweka vyuma pande mbili ili vitoshee vingi zaidi, akapata faida yake, kisha akageuka kumlaumu mama aliyekuwa na mwili wake ule tangu kabla boti haijazaliwa. Na kama kweli amelipia viti viwili, kwa nini ameketishwa juu ya barafu? Hicho kiti cha pili alikilipia nani akakikalia nani? Haji Sefu hakuulizwa hilo na mtu yeyote. Siku ya Ijumaa alikuwa safu ya kwanza kama kawaida, na mimi nyuma yake nikijaribu kusema amin kwa moyo safi.

Kisha ikaja asubuhi ile. Wanunuzi wa samaki waliingia na maji ya alfajiri, na mmoja wao alikuja moja kwa moja uani kwetu, akavua kofia. Bi Mwanahawa alikuwa akipepeta. Akasimamisha ungo kabla hajaambiwa. "Zuhura," alisema. Yule bwana akainamisha kichwa. "Amefariki usiku, huko Kibiti. Wamesema watakungoja mpaka alasiri, Bi Mwanahawa. Zaidi ya hapo haiwezekani, joto." Hakulia. Aliingia ndani akatoka na fundo lake la karafuu maiti na kipande cha sabuni, tayari amevaa, tukashuka gatini.

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Hilo ndilo kubwa la huko: maji yakianza kupwa, boti inaondoka au inabaki hadi yarudi, na anayezua ubishi gatini wakati huo anachukiwa na wote, kwa sababu anaweza kuwalaza kwenye matope. Tumelelewa hivyo. Mwenye chombo akisema, watu hunyamaza. Dulla alisimama mbele ya ubao wa kupandia.

"Leo hapana, mama bonge. Makasha yamejaa nyuma, hakuna pa kukuweka."

"Nina msiba, mwanangu. Dada yangu. Nikae popote."

"Popote ndiyo hakuna. Viti vimebaki, ila ni kimoja hapa, kimoja kule. Weye unataka viwili vya pamoja."

"Nitalipa hivyo viwili."

"Si kulipa. Utakaa hewani?"

Nikasema mimi nina tiketi, nakitoa kiti changu, na jirani yangu asogee kile kingine, viwe viwili. Jirani yangu alitazama maji. Nikamwita kwa jina. Akasema, "Mwalimu, maji yanakwenda." Nikawatazama wote, watu niliokuwa nikiwafundishia watoto wao, watu ambao mama zao na wake zao walioshwa na mikono ile. Baadhi yao waliinamisha vichwa, nami nadhani waliona haya. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Laiti angekuwa Nahodha Pazi, angewapanga upya wote kabla hawajamaliza kupumua. Walimtii Dulla kama walivyomtii Pazi, bila kuona kwamba mmoja alipanga watu wafike wote na mwingine alipanga nani aachwe. Nilishuka. Injini ikalia, mawimbi yake yakatulowesha miguu, na nyuma ya boti, juu ya lile kasha alilokuwa akiketishwa, nikaona kuku wawili wamefungwa miguu wakisafiri.

Tulimtafuta Pazi. Tulimkuta anashona wavu, akasimama bila kuuliza, lakini kufunga mashine iliyokaa bila kazi kulichukua muda ambao hatukuwa nao. Tuliondoka maji yakiwa yameshuka sana. Akapita njia za ndani, chini ya mikoko, akipima kina kwa upondo na kumwomba Mungu kwa sauti, mpaka boti ikasugua, ikakwama. Tulishuka sisi wanaume tukasukuma. Haikusogea. Ndipo Bi Mwanahawa alipofunga fundo lake shingoni, akashuka kwenye matope yaliyomfika mapajani, akaweka bega lake kwenye ubavu wa boti na kusema, "Haya, kwa jina la Mungu." Ilisogea. Wallahi ilisogea, urefu wa mtu na zaidi, kwa bega lile lililoambiwa halina mahali. Tukasukuma tena, ikasogea tena, halafu hapakuwa na maji kabisa, kulikuwa na matope na kaa wakitutazama.

Tukangoja. Hakuna cha kufanya kwenye matope ila kungoja. Tuliswali adhuhuri, yeye akiwa ameketi katikati ya boti, mahali pake, matope yamemkaukia hadi kiunoni. Pazi alitoa muhogo wa kuchoma, hakuna aliyekula. Jua likahama. Bi Mwanahawa alikuwa amefungua lile fundo mapajani, na harufu ya karafuu maiti ikawa imetuzunguka pale kwenye mikoko kama tuko chumba cha mwoshwa. Kivuli cha upondo kiliporefuka, akanyanyua macho. "Mwalimu, sasa ni alasiri?" Nikasema ndiyo. "Sasa wameshamwosha." Baada ya muda akasema, "Sasa wanamtoa." Mikono yake ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, juu ya magoti, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama inavyokwenda mikono ya mwosha. Pazi aligeuza uso. Hasira yangu ilizaliwa pale, na kama Mungu ataniuliza kwa nini sikuiacha, nitamwambia niliiona kwa macho yangu, na Yeye aliiona.

Tulifika Kibiti jua linazama, udongo wa kaburi umeshakauka juu. Siku ya tatu ya matanga Haji Sefu alikuja na mchele na sukari, akaketi barazani, akatoa pole kwa maneno mazuri. Aliposikia minong'ono alisema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Jamani, lile ni suala la usalama. Chombo hakichezewi. Na mimi sikuwapo." Pazia la mlango likafunguliwa. Bi Mwanahawa alisimama pale, akaujaza mlango wote, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kujipunguza.

"Haji, usalama naujua. Nimepangwa na Pazi tangu msichana, sikupata kukataa. Umenitoza mara mbili, nikalipa. Umenikalisha kwenye barafu, nikakaa. Nakuuliza moja tu. Siku nitakayokufa mimi, watu watanibeba begani bure, au na wao nao watanitoza mara mbili?"

Haji Sefu alifungua mdomo, akasema, "Astaghfirullah, dada yangu, maneno gani hayo," akatafuta viatu vyake. Mchele wake ulipikwa, watu wakala. Yeye Bi Mwanahawa hakuugusa. Boti ile aliihama. Kwa miaka mingi alivuka na Pazi, kisha na mtoto wa Pazi, kwa chombo cha mbao kinachovuja, akifika siku aliyofika. Mimi mwaka wangu uliisha, nikarudi Kibiti, nikaoa, nikasomesha. Nilidhani mambo yale yamekwenda na watu wake.

Hayakwenda. Mwezi uliopita Bi Mwanahawa alifia Kibiti kwa mjukuu wake Mwanaidi, na wasia wake ulikuwa azikwe Maparoni. Wanawake walimwosha, na Mwanaidi alikuwa mmoja wao; alitoka akiwa amelowa, akaniambia, "Babu, tumemgeuza bila taabu. Tulikuwa wengi." Tukampeleka Nyamisati, kwenye gati la boti za Maparoni. Boti za siku hizi ni nyingine, wenyewe wengine, viti vyembamba zaidi. Kijana wa tiketi alipoona jeneza alivua kofia kwa heshima. "Maiti hatutozi, wazee wangu. Huo ni ubinadamu wetu." Tukamshukuru. Kisha macho yake yakamfikia Mwanaidi, aliyerithi mwili wa bibi yake wote, mabega na mikono. "Ila huyu dada atalipia viti viwili. Na asubiri kwanza, nione kama nyuma kuna nafasi."

Mwanaidi akafungua mkoba. Hiyo ndiyo iliyonipasua: hakushangaa. Alikuwa ameshazoea. Maji yalikuwa yanapwa, na nilijua desturi yetu, kwamba sasa sote tutanyamaza. Nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko ninavyoifahamu, "Funga mkoba huo! Wanangu, shusheni jeneza. Hatupandi." Kijana akasema, "Sheikh, maji yanakwenda." Nikamwambia yaende. Wenye biashara waliokwishakaa walinung'unika, mmoja akaniambia wazi kwamba uzee umeniingia vibaya. Lakini waliokuja kuzika walishuka, mmoja baada ya mmoja, hata wale waliokwishapata viti vya dirishani. Boti ikaondoka nusu tupu.

Mjukuu wa Nahodha Pazi alikuwa chini ya gati na boti ya mbao. Alisimama kwenye matope akatutazama kama wanavyotazama wao. "Bibi kati," alisema, na jeneza likawekwa katikati. "Dada Mwanaidi, njoo ubavuni kwa bibi, unishikie chombo. Nyie wawili huku, tazamaneni. Sheikh, weye mbele, ushike ubao, upepo usije ukakuchukua." Hakujua kwamba babu yake aliwahi kuniambia hivyo. Mwanaidi aliketi, akaweka mkono juu ya kanga iliyofunika jeneza, na chombo kikatulia.

Tulikwama njiani, kama ilivyotarajiwa. Tulingoja maji yarudi, kwenye mikoko ileile, kwa harufu ileile ya karafuu maiti. Mtu mmoja akasema kwa wasiwasi, "Tumechelewa mazishi." Nikamwambia safari hii hapana. Dada yake alizikwa bila yeye kwa sababu watu hawakumngoja. Lakini huko Maparoni kaburi lilikuwa wazi, watu wamekaa kando yake, na hapakuwa na mtu yeyote duniani, mwenye boti wala mwenye kiti, aliyeweza kuanza mazishi yale bila Bi Mwanahawa kufika.

Wewe unayesoma, Mungu akupe afya katika mwili aliokupa, uwe wa namna gani. Akuepushe na mlango ambao utapimwa kabla hujasalimiwa. Kama una duka, chombo au kiti cha kukodisha, riziki yako iwe pana na viti vyako viwe vipana zaidi. Na siku yako ikifika, akujaalie mikono mingi ya kukuosha na mabega mengi ya kukubeba, yasiyouliza uzito wako. Amin.